Gari Lililokwaruzwa Upande Mmoja

Shikamoo Baba,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, nakuambia mimi mwenyewe: maksai wako tumewauza. Wote, hata yule mwenye pembe iliyopinda uliyekuwa ukimwita Diwani kwa sababu alipenda kutembea mbele na kazi hafanyi. Tumenunua gari.

Najua hapo ulipo umeshauliza: kwa nani? Wewe hukuwa mtu wa kuuliza bei kwanza. Ulikuwa unauliza anayeuza ni nani na kwa nini anauza, na ukishajibiwa unakwenda kumuuliza jirani yake. Nilipokuwa mdogo ulinichukua mnadani mara nyingi, ukanifundisha kukataa chai. "Agripina," ulikuwa unasema, "chai ya mtu anayeuza ina bei yake." Nami nilikuwa na baridi, natamani ile chai, lakini tulisimama pale na makoti yetu tukitazama miguu ya ng'ombe wa watu mpaka wenyewe wakakasirika. Maretadu nzima walikucheka. Walisema Mzee Boay anaweza kumshuku hata padre akiwa anabatiza.

Baba, nimekuwa wewe. Tangu uondoke simwamini mtu, na sababu unaijua, maana ulikuwamo ndani ya gari lile. Ila sijui ulisikia kiasi gani.

Kifua kilikubana tangu alfajiri. Kaka Danieli alikuwa amekuja kutoka Masakta kutusaidia kupalilia, akapiga simu huku na huko, likaja lile gari dogo jeupe la kukodi. Dereva akatuambia, "Gari haina shida, tunafika sasa hivi." Tukakulaza kiti cha nyuma, kichwa chako mapajani mwangu. Tulipoanza kupanda kuelekea hospitali ya Dongobesh ukafungua macho, ukasema, "Hii gari inachemka." Dereva akacheka. Akasema mzee anaweweseka.

Hukuwa unaweweseka. Mimi nilikuwa naangalia mshale wa joto kwenye dashibodi na ulikuwa umelala chini kabisa, haupandi wala haushuki. Nilidhani injini ni ya baridi. Kumbe mshale wenyewe ulikuwa haufanyi kazi, na mwenye gari alijua. Tulipofika kwenye ule mpando wa mwisho mvuke ukatoka mbele mpaka hatukuona barabara. Akaegesha kando ya shamba la maharage, akafungua buti, akatoa madumu ya maji. Yalikuwa yamejaa tayari, Baba. Ilikuwa ni masika, mito imejaa kila mahali. Mtu ambaye gari lake halina shida habebi madumu ya maji kwenye buti wakati wa masika.

Tukasubiri injini ipoe. Uliacha kunibana mkono tukiwa bado tunasubiri.

Daktari alituambia pengine hata tungewahi usingepona. Pengine. Neno hilo limekaa nami mpaka leo, halipandi wala halishuki, kama ule mshale.

Sasa nikueleze habari za Mama, maana yeye ndiye sababu ya gari. Sukari yake ilipanda baada ya msiba, na kile kidonda cha kidole gumba kikakataa kufunga. Hospitali wakasema kioshwe na kufungwa pale pale kwao, asikose. Tulikuwa tunampeleka kwa bodaboda. Unajua njia yetu mvua ikinyesha. Siku moja walianguka, yeye na dereva, kwenye tope la pale kisimani, na Mama akarudi nyumbani kwa miguu, bandeji imejaa udongo, akasema hatoki tena. Akasema ataoshea nyumbani kwa maji ya chumvi. Nilimwangalia ule mguu nikaogopa.

Ndipo tukakaa kikao: mimi, Danieli na Baba Mdogo Tarmo. Tukakubaliana maksai wauzwe, tutafute gari dogo la zamani, la Mama na la kubeba watu wa kijijini. Kwa kuwa mimi niliendesha pikapu ya maziwa kwa miaka kadhaa, nikaambiwa nitakuwa dereva na nitachagua. Baba Mdogo aliniambia mbele ya wote, "Ukikosea hapa, hakuna maksai wengine." Niliitika, lakini nililala vibaya.

Danieli ndiye aliyepata gari la kwanza. Lilikuwa Katesh, kwa dalali mmoja kijana anayeitwa Jofrey. Akanitumia picha. Lilikuwa jekundu, linang'aa, tairi zimepakwa dawa nyeusi. Lakini kwenye simu kila gari ni bibi harusi. Nikamwambia Danieli amwambie Jofrey jambo moja tu: asiliwashe mpaka nifike. Injini ya zamani husema ukweli ikiwa baridi. Ikishapata moto inatulia, kama mtu aliyeshakunywa.

Nilipofika Jofrey alinipokea kwa heshima zote. "Karibu dada. Hii gari ilikuwa ya mama mmoja daktari, alikuwa anaendea kanisani tu." Niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Nimeisogeza kivulini kidogo tu," akasema.

Baba, siku ile Katesh kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Mlima Hanang wenyewe haukuonekana. Kivuli cha nini?

Nikasema nitasubiri ipoe. Akaniagizia chipsi na soda, nikakataa, na nadhani ungefurahi. Nilikaa kwenye jiwe nikitazama. Ipo hivi: gari kuukuu lazima litakuwa na ugonjwa, hilo nilishalikubali. Bushi zitakuwa zimekwisha, shokapu zimechoka, mipira imekakamaa. Hayo ni ya uzee, yanatengenezeka. Ninachotafuta mimi ni lile lililofichwa. Mtu hafichi kitu kidogo.

Ilipopoa nikawasha. Ikakohoa, ikatikisika, na nyuma ukatoka moshi wa bluu, maana yake injini inakula oili. Nikazima. Nikageuza ufunguo tena taratibu kuangalia taa za dashibodi: zote ziliwaka isipokuwa ile ya kuonya ubovu wa injini. Taa hiyo lazima iwake kwanza ndipo izime. Ukiona haiwaki kabisa, ujue kuna mtu ameing'oa. Kilometa zilionyesha gari limetembea kidogo, lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana, na usukani umelainika kama mpini wa jembe la bibi. Nikainua kapeti. Chini yake kulikuwa na udongo mkavu uliopasuka, na harufu ya kisima. Gari lile lilikuwa limelala ndani ya maji.

Yote hayo hayakuniuma sana. Kilichoniuma ni kingine. Danieli alikuwa amekuja na fundi, akasema ni fundi wa kujitegemea, hamjui Jofrey. Sasa, ile boneti haikufunguka kwa mkono wa kawaida, ulikuwa umekatika. Ilifunguka kwa kuvuta waya mdogo uliofichwa chini ya taa. Yule fundi hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye waya, akavuta.

Nilimtazama Danieli. Danieli alikuwa anatazama simu.

Nikasema sitaki. Njia nzima ya kurudi stendi kaka yangu hakuniongelesha, na tulipofika akaniambia neno ambalo sijamsimulia hata Mama. Alisema, "Utashuku kila mtu mpaka mguu wa Mama uoze." Kisha akapanda basi la kwao.

Tangu siku hiyo nikawa na mashaka naye. Kwamba labda aliahidiwa kitu na Jofrey. Ndugu yangu wa tumbo moja, Baba. Nilikuwa nasonga ugali nawaza hilo, nachota maji nawaza hilo.

Gari la pili nililipata mwenyewe, Mbulu mjini, nimempeleka Mama kliniki kwa basi baada ya kumbembeleza akubali kutoka tena. Mwanamke aliyekaa nasi kwenye benchi alisema kuna mzee juu ya kilima, bwana shamba mstaafu, anauza kagari kake. Anaitwa Mzee Naman. Nikamwacha Mama kwa manesi, nikapanda.

Nilimkuta anapalilia vitunguu. Mrefu, mtaratibu, sweta limetiwa viraka viwikoni. Nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, nikamweleza shida. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba, rangi ya maziwa, vumbi limelifunika. Upande wa kulia lilikuwa safi. Nilipozunguka upande wa kushoto nikasimama. Lilikuwa limekwaruzwa kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Na haukuwa mkwaruzo wa siku moja. Mingine ilikuwa imeshika kutu, mingine mipya kabisa, mmoja juu ya mwingine. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kipya, cha kulia ni cha zamani.

Kabla sijasema neno Mzee Naman akaanza. "Binti, hii gari ina matatizo. Asubuhi gia ya kwanza kwenda ya pili inashtuka kama punda. Hendibreki haishiki kwenye mlima, weka jiwe. Ukipandisha na mzigo mkubwa angalia joto. Bushi za mbele zimekwisha, utasikia zinagonga. Dirisha la nyuma halishuki. Tairi usizipime kwa kashata, yale meno yake ya juu, zimezeeka, ubavuni zina nyufa. Oili nimebadilisha kila wakati, lakini mkanda wa injini sijabadilisha, ubadilishe kabla hujaenda popote."

Unadhani nilifurahi? Nilishtuka. Maisha yangu yote na wewe mnadani sijawahi kusikia mtu anayeuza anasema ng'ombe wake hashibi. Nikawaza, huyu ananipa ubovu mdogo mdogo mwingi ili nishibe, nisitafute ule mkubwa.

Nikamwomba tulijaribu. Akanipa ufunguo. Akasema, "Endesha wewe," akaingia kiti cha nyuma. Nikashuku tena. Mwenye kuuza gari hukaa pembeni yako akuongeleshe ili usisikie milio. Huyu alikaa nyuma, kimya, kama mtu anayepelekwa mahali. Injini ilikuwa baridi kweli, na iliwaka mara ya pili. Haikutoa moshi. Gia ilishtuka kama alivyosema. Bushi ziligonga kama alivyosema. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Tuliporudi nikamuuliza swali lako: kwa nini unauza? Akajibu bila kunitazama, "Mafuta yamepanda, nami ni mzee, sina safari." Vizuri. Lakini mke wake, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini anayeitwa Mama Fausta, alinisindikiza mpaka getini, nikamuuliza na yeye kana kwamba natania. Akasema, "Anataka kununua ng'ombe wa maziwa."

Nyumba moja, sababu mbili. Nilishuka kile kilima nikizirudia zote mbili.

Sikurudi kwa Mama moja kwa moja. Nilifanya kama wewe. Nikaingia kwenye kibanda cha mwanamke anayeuza mafuta ya taa na sabuni, nikanunua kiberiti nisichokihitaji. Nikamuuliza habari za gari la Mzee Naman. Akasema, "Wakati wa masika nilisikia Mama Fausta anapiga yowe pale getini kwao. Gari limesimama katikati ya geti. Tangu siku hiyo halijatoka." Nikauliza, aligonga mtu? Akasema yeye hakuona. Kijana wa bodaboda aliyekuwa pale nje akadakia kwamba alisikia mzee aligonga mtu, wakamalizana kimya kimya.

Baba, unamjua Mama. Asingeweka hata mguu wake mzima ndani ya gari lenye damu ya mtu, wacha mguu mgonjwa. Na watu wa kwetu wangejua, maana habari kama hiyo hutangulia gari kufika. Nani angepanda? Nani angekubali mgonjwa wake alazwe humo? Tungebaki na chuma kilichosimama uani na zizi tupu.

Ningeweza kuacha tu. Lakini nilikuwa nimechoka kuacha, na kidonda cha Mama kilikuwa hakichoki. Siku ya kliniki iliyofuata nilipanda tena kile kilima. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza, na yeye kukataa, na mimi kumwambia kwamba nimeshasikia yote mtaani.

Walinikaribisha ndani. Mama Fausta akaleta chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Safari hii nilipokea kikombe, sijui kwa nini. Aliweka sahani ya viazi mezani, upande wa kushoto wa mumewe. Mzee Naman akasema, "Mwanangu, karibu chai kavu, leo hatuna kitafunwa." Na viazi vinatoa mvuke pale pale mbele yake.

Nilidhani ananitania. Kisha nikamwona Mama Fausta. Alinyoosha mkono, akaisogeza ile sahani kulia, polepole, bila kuigonga meza, na mzee akaiona, akasema, "Ah, viazi." Yule mama alifanya jambo lile kama mtu aliyelifanya mara nyingi.

Ulikuwa unaniambia, "Mtazame ng'ombe kwanza. Ukimaliza, mtazame mwenyewe." Mimi nilitazama gari mpaka nikalimaliza. Mwenyewe nilikuwa sijamtazama hata mara moja.

Nikaweka kikombe chini. Maneno makali yote yalikuwa yamekwisha mdomoni. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, samahani sana. Nimesikia gari hili liligonga mtu pale getini. Ni kweli?"

Akamwambia mkewe, "Mama Fausta, kaangalie kama vitunguu havijaliwa na kuku." Mama Fausta akatoka. Lakini sikusikia nyayo zake zikienda mbali.

Ndipo akaniambia. Alikuwa anarudi kutoka mjini, anaingia getini kwake mwenyewe, akasikia kishindo upande wa kushoto na yowe la mkewe. Alitoka akamkuta chini. Mkewe alikuwa amebeba mzigo wa majani ya mbuzi, na kioo cha gari kilipiga majani kikamzungusha akaanguka. Hakuumia. Alikuwa anatembea kando ya gari, mchana kweupe, na mumewe hakumwona. "Nilimwambia nilikuwa nasinzia," akasema. "Sikuwa nasinzia. Upande huu sioni. Ulianza kama ukungu wa asubuhi, nikasubiri utaondoka. Haukuondoka. Sasa na upande wa pili unakuja." Akanionyesha kwa mkono mahali dunia yake inapoishia. Palikuwa karibu sana na pua.

Kuhusu hospitali alisema hajaenda. Alisema, "Nikienda wataniambia."

Sababu yake ya kuuza gari ilikuwa hiyo. Na alinitajia kila ubovu wake, hata wa dirisha, kwa sababu alikuwa ameshakaribia kuua mtu akinyamaza, na hakutaka kunyamaza tena, ila lile moja la macho lilimshinda. "Usimwambie mke wangu," akasema. "Atalia."

Mlango ukasogea. Mama Fausta alikuwa amesimama, mikono ndani ya kanga. Hakulia. Alisema, "Nilijua tangu siku ya majani. Nilikuwa nasubiri useme." Kisha akanigeukia mimi, "Ile habari ya ng'ombe wa maziwa nilitunga. Sikutaka wageni wajue baba wa watu haoni."

Baba, sijui nikuelezeje chumba kile. Watu wawili wazee, kila mmoja amebeba siri ile ile akimficha mwenzake, mmoja anajifanya anaona, mwingine anasogeza sahani. Na mimi katikati, nimekuja kutafuta damu. Nilitoka nje kwa kisingizio cha kuangalia tairi, nikafuta machozi kwenye ubavu ule uliokwaruzwa.

Usidhani huruma ilinipofusha. Siku nyingine nilileta fundi kutoka Dongobesh ambaye Mzee Naman hakuwahi kumwona, na nilimwangalia anavyofungua boneti, ilibidi aulize. Alikuta kila ubovu uliotajwa, na mmoja ambao haukutajwa: breki ya nyuma ilikuwa inavuja, unyevu kidogo ndani ya gurudumu. Nikamtazama mzee usoni. Alishangaa, akashika kichwa, akasema siku ile ya geti angekuwa kwenye mteremko ingekuwaje. Hata mkweli hajui yote yaliyo ndani ya gari lake. Tulilinganisha namba ya chasisi na kadi, jina ni lake mwenyewe, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kadi tumeshabadilisha. Breki na mkanda vilitengenezwa kabla sijaliondoa pale.

Safari ya kwanza ya gari lile nilitaka iwe ya Mama peke yake. Ikawa ya wote. Niliwapitia Mzee Naman na mkewe, nikawapeleka hospitali siku moja na Mama, yeye mguu, mzee macho. Alikataa mara mbili kushuka. Mama, ambaye hamjui, akamwambia kutoka kiti cha mbele, "Mzee mwenzangu, mimi waliniambia wanaweza kukata kidole. Nimekuja hivyo hivyo." Akashuka.

Wamesema ni presha ya macho. Lililokwenda limekwenda, halirudi, lakini matone akiyatia kila siku yanaweza kushika lililobaki. Angekuja wakati wa ukungu ule wa kwanza, angebaki na zaidi. Walimwambia hivyo bila kuficha, naye akaitika kama mwanafunzi.

Kurudi, nikiwa naendesha, nikasikia Mama Fausta nyuma yangu anaongea kwa sauti ya chini. Nilidhani anasali. Alikuwa anamwambia mumewe yaliyoko upande wa kushoto. "Hapa pana mama anaanika maharage. Hapa wamekata miti, ile mikaratusi mikubwa yote. Hapa pana watoto wa shule." Na yeye akawa anaitika, mhm, mhm, mpaka kilimani.

Habari nyingine ni hizi. Kidonda cha Mama kimeanza kufunga pembeni, na nesi anasema kidole kitabaki. Gari linashtuka asubuhi, linagonga kwenye mashimo, na mwezi uliopita mpira wa maji ulitaka kupasuka, lakini niliuona unavimba kabla ya safari, nikaubadilisha nyumbani. Mshale wa joto unafanya kazi. Niliupima mwenyewe. Upande wa kushoto sijaupiga rangi. Watu wanauliza, nawaambia ukweli kwamba mwenyewe alikuwa haoni vizuri, wanapanda. Lile jekundu la Katesh nasikia lilinunuliwa na mwalimu mmoja, na limesimama uani kwake, injini imekufa. Namwonea huruma kuliko ninavyojipongeza.

Danieli alikuja kumwona Mama. Alilizunguka gari, akafungua boneti, akafunga. Akasema tu, "Umepata." Nami nikasema, "Ndiyo." Tukala, akaondoka, na ule waya wa Katesh bado uko kati yetu. Sijui kama alimjua yule fundi au alidanganywa kama ambavyo mimi ningedanganywa. Nimeuliza watu wawili Masakta kisirisiri, na kila mmoja amenipa habari yake. Nikagundua nafanya tena kile nilichofanya kwa Mzee Naman: nazunguka nyumba ya mtu badala ya kubisha hodi.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu, anasema utulie, mguu unakwenda vizuri, na anatia sukari kidogo kwenye chai akidhani simwoni. Sitaacha kuweka kiganja juu ya boneti ya mtu, hilo ulinipa na litakaa. Lakini nakuahidi hili: Jumapili Danieli anakuja. Nitaketi naye nje, sisi wawili, nimuulize usoni kama alimjua yule fundi. Na akinijibu, sitakwenda kumuuliza jirani yake.

Ni mimi binti yako,
Agripina